Darasa mubashara, seva ya shuleni, vishikwambi au simu: shule ya kijijini ianze na nini?

Ukiambiwa shule ya kijijini iko nyuma ya shule ya mjini, uliza kwanza: iko nyuma kwa lipi? Ipo shule ambayo wanafunzi wake wanasoma na kuhesabu vizuri tu, ila haijawahi kukaa na mwalimu wa fizikia muhula mzima. Ipo nyingine yenye walimu wa kutosha, lakini kitabu kimoja kinachunguliwa na watoto sita. Na ipo ya tatu: mwalimu yupo, kitabu kipo, ila nusu ya darasa la tano haiwezi kusoma aya moja na kueleza imesema nini. Shule zote tatu hutiwa kapu moja, likaandikwa "pengo la mjini na kijijini", halafu zote hupelekewa mzigo uleule wa vifaa.

Ulinganisho huu ni kwa ajili ya mwalimu mkuu, kamati ya shule au mfadhili mwenye fedha za kufanya jambo moja vizuri, au mawili akijibana. Njia ni nne. Hazitapata nafasi sawa hapa kwa sababu hazina uzito sawa, na moja kati yao nadhani hudharauliwa bure.

| Njia | Inaziba nini | Ikikosekana hii, usianze |
|---|---|---|
| Darasa mubashara kutoka mjini | Mwalimu wa somo asiyepatikana | Mtandao wa uhakika saa za vipindi, na mtu mzima darasani |
| Seva ya shuleni isiyohitaji intaneti | Vitabu, video na mazoezi | Umeme kidogo, na mwalimu aliye tayari kuchagua cha kutumia |
| Vishikwambi vyenye programu inayompima mtoto | Kusoma, kuandika na kuhesabu kwa waliobaki nyuma | Kipindi kwenye ratiba, na mahali pa kuchajia |
| Simu ya kawaida | Muda ambao mtoto hayuko shuleni | Namba za wazazi zinazopatikana |

Safu wima ya tatu ndiyo ya kusomwa kwa makini. Miradi mingi huanza kwa kuangalia ya pili peke yake.

Mwalimu wa mbali, darasa la hapa

Darasa mubashara ndilo linalopendeza zaidi kwenye picha za uzinduzi: mwalimu hodari yuko studio mjini, uso wake uko ukutani mwa darasa kijijini, mwanafunzi ananyoosha mkono na kujibiwa. Watu huliona ni jambo la juzi, lakini wazo lenyewe ni kongwe kuliko intaneti. Mexico ilianza mwaka 1968 kurusha masomo ya sekondari ya chini kwa televisheni kwenda vijiji visivyoweza kupata mwalimu wa kila somo. Mfumo huo, Telesecundaria, upo hadi leo na una wanafunzi zaidi ya milioni moja. Jimbo la Amazonas nchini Brazil, ambako jamii nyingi hufikika kwa mto tu, lilianza mwaka 2007 kurusha vipindi kwa setilaiti kutoka studio za Manaus, na huko wanafunzi huweza kumuuliza mwalimu wa studio papo hapo.

Mifumo hiyo miwili ina jambo moja ambalo wanaoiiga hupenda kulisahau. Katika kila chumba yupo mwalimu aliyesimama na wanafunzi. Si lazima awe bingwa wa kemia. Kazi yake ni kuona nani amepotea, kusimamisha, kurudia kwa maneno mengine, kukusanya madaftari na kuyasahihisha. Televisheni ilichukua mzigo wa ufafanuzi, yeye akabaki na mzigo wa darasa. Bajeti inayosema "tutaokoa mshahara wa mwalimu kwa kuweka skrini" haijafahamu kilichofanya mifumo hii idumu.

Ushahidi mpana zaidi unatoka China. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 2000, serikali ya huko iliziunganisha shule za vijijini na masomo ya walimu bora wa mijini kwa njia ya setilaiti, ikawafikia wanafunzi zaidi ya milioni 100. Watafiti waliowafuatilia waliopitia mpango huo waliona kwamba matokeo yao shuleni yaliboreka, na kwamba tofauti ilionekana hata kazini, hadi miaka kumi baadaye. Lakini tazama kilichokuwa kikirushwa: sehemu kubwa ilikuwa masomo yaliyokwisha kuandaliwa na kurekodiwa, yakapokelewa kwa dishi na kompyuta au kuchezwa kwenye diski. Faida ilitokana na ubora wa somo. Ule umubashara, ambao ndio unaokula fedha, haukuhitajika.

Basi mubashara una faida gani? Unao mtu wa kuulizwa, na unalazimisha ratiba: saa tatu ni saa tatu, mwalimu wa mjini anasubiri. Kwa shule ambayo vipindi huahirishwa hovyo, hilo peke yake ni jambo kubwa.

Kuna namna mbili za kuuendesha, na tofauti yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Ya kwanza ni kuweka kamera ndani ya darasa la mjini lenye wanafunzi wake, shule za mbali zikachungulia. Sekondari Namba 7 ya Chengdu, China, ilianza kufanya hivyo mwaka 2002. Ya pili ni mwalimu wa studio anayefundisha wa mbali peke yao. Mimi ningechagua ya pili karibu kila mara. Mwalimu mwenye wanafunzi mbele yake husoma nyuso zao. Akiona zimeelewa, anasonga. Anayemfuata kutoka kijijini, aliyeingia kidato hicho akiwa na mapengo ya miaka miwili nyuma, anabaki na kasi isiyo yake. Teknolojia imemleta mlangoni mwa darasa zuri, lakini hajaingia.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni mdogo. Uruguay, nchi iliyoanza mwaka 2007 kumgawia kila mwanafunzi wa shule ya umma kompyuta kupitia mpango wa Ceibal, ilikuwa na tatizo la walimu wa Kiingereza shule za msingi. Tangu mwaka 2012 wamekuwa wakimleta mwalimu wa lugha kwa video kipindi kimoja kwa wiki. Vipindi vingine vya wiki hiyo hushikwa na mwalimu wa kawaida wa darasa, hata kama Kiingereza chake ni cha kuungaunga, akifuata mpango waliokubaliana wawili hao. Somo moja tu, saa chache, na mwalimu wa darasa naye anajifunza pamoja na watoto. Mradi wa ukubwa huo unaweza kufa bila kuua shule, au ukafaulu na kuongezwa.

Sasa hesabu ya bando, kwa sababu hapa ndipo wengi huumia. Video ya ubora wa wastani hula kama megabiti 1 kwa sekunde, yaani megabaiti 450 hivi kwa saa. Ukiwa na skrini moja mbele ya darasa, hicho ndicho unachohitaji. Ukiamua kila mmoja kati ya wanafunzi 40 afuatilie kwenye kifaa chake, unahitaji megabiti 40 kwa sekunde zisizokatika, na gigabaiti 18 kwa saa. Skrini moja, basi. Na kabla ya kununua skrini kubwa zaidi, nunua spika nzuri na kipaza sauti kinachoweza kuzungushwa darasani. Picha ikiganda, darasa linaendelea kusikiliza. Sauti ikikatika, kipindi kimekwisha.

Kama mnara wa simu haufiki na unategemea setilaiti, uliza iko umbali gani. Setilaiti za mzunguko wa juu ziko kilomita 35,786 juu ya ikweta, na safari ya sauti kwenda na kurudi inachelewesha jibu kwa zaidi ya nusu sekunde. Kusikiliza mhadhara hakuna shida, lakini mazungumzo ya swali na jibu yanakuwa ya kukatana maneno. Zile mpya za mzunguko wa chini, zilizo kilomita mia kadhaa tu juu yetu, zimeondoa kero hiyo, ila zina ada ya kila mwezi. Ada ya mwaka wa kwanza mara nyingi ina mwenyewe wa kuilipa. Ya mwaka wa tatu ndiyo ya kuulizia.

Seva: intaneti bila intaneti

Khan Academy, tovuti ya masomo ya video, ilipoanza kujulikana, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, waliona kichekesho chake: masomo ya bure kwa wote, mradi uwe na intaneti ya kuyatazama. Mwaka 2012 wakatoa KA Lite, programu ya kuyahifadhi masomo hayo kwenye kompyuta ya shule na kuyagawa bila intaneti. Kazi hiyo ikazaa shirika la Learning Equality na programu pana zaidi, Kolibri. Kiwix hufanya jambo kama hilo kwa Wikipedia na maktaba nyingine.

Kinachohitajika ni kompyuta ndogo, hata Raspberry Pi inayotumia chini ya wati 10, diski yenye nafasi ya kutosha, na waifai inayofika madarasani. Maudhui hupakuliwa mjini kwenye mtandao wa kasi, yakaletwa kwenye diski mkononi. Kuanzia hapo mwanafunzi anafungua masomo kwa simu janja, kompyuta mpakato au kishikwambi, na hakuna bando linalokatwa. Mfumo wa Kolibri unamwonyesha mwalimu nani amefanya zoezi gani na amekwama wapi.

Uzuri mkubwa wa seva kwangu uko kwa mwalimu. Anaitazama video ya somo jioni, peke yake, bila kuonekana na mtu kwamba alikuwa hajaielewa mada. Asubuhi anaifundisha kwa sauti yake mwenyewe, kwa lugha ambayo wanafunzi wanaielewa, na video anaicheza dakika tano tu pale penye jaribio la maabara ambayo shule haina. Kwenye darasa mubashara mwalimu huyo ni msaidizi wa mtu mwingine. Hapa ni mwalimu kamili mwenye maktaba.

Ubaya wake ni wingi. Seva huja na maelfu ya video, nyingi kwa Kiingereza na kwa mpangilio wa mtaala wa nchi nyingine. Mwanafunzi akiachwa nayo peke yake atazurura, na mwalimu akiachwa nayo bila muda atairudisha kabatini. Kabla ya muhula kuanza, walimu wa kila somo wakae na silabasi yao na wachague video na mazoezi machache kwa kila mada, wayapange kwa majina ya mada za kwao, wayafiche mengine. Kolibri inaruhusu kupanga hivyo. Kazi hii haina picha ya uzinduzi, na ndiyo inayoamua kama seva itatumika.

Na inapoharibika? Mwalimu anarudi kwenye ubao. Kipindi hakifutwi. Sifa hiyo sijaiona kwenye njia nyingine yoyote kati ya hizi, na ndiyo inayonifanya niiweke mbele kwa shule nyingi za vijijini, hasa zile zenye walimu lakini hazina vitabu.

Vishikwambi: kifaa kilekile, matokeo tofauti kabisa

Hapa ushahidi unagongana, na mgongano wenyewe una mafunzo.

Peru iligawa kompyuta ndogo za mpango wa "kompyuta moja kwa kila mtoto" vijijini. Utafiti uliohusisha shule 319 za msingi, uliotolewa mwaka 2012, ulikuta kompyuta zimefika na watoto wanazitumia, lakini alama za hisabati na lugha hazikusogea. Ufundishaji haukuwa umebadilika; kilichoongezeka ni kifaa.

Delhi, India, programu iitwayo Mindspark ilipimwa katika vituo vya masomo ya baada ya shule. Wanafunzi waliopata nafasi kwa bahati nasibu walipiga hatua kubwa katika hisabati na Kihindi ndani ya miezi minne na nusu tu. Ilikuwa mjini, najua, ila sababu yake inakihusu kijiji moja kwa moja. Watoto wengi walikuwa nyuma ya darasa lao kwa miaka miwili au zaidi, na programu haikuwapa masomo ya darasa walilosajiliwa. Iliwapima, ikaanzia pale walipokuwa. Mwalimu mwenye wanafunzi 60 wa viwango vitano tofauti hawezi kufanya hivyo kila siku, hata awe na moyo wa namna gani.

Kisha kuna Tanga. Shindano la Global Learning XPRIZE lilipeleka vishikwambi katika vijiji vipatavyo 170 vya mkoa huo, vyenye programu za Kiswahili za washindani watano na vituo vya kuchajia kwa sola. Watoto walikuwa karibu 3,000, na robo tatu hivi kati yao walielezwa kuwa hawajawahi kwenda shule. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilikuwa imepungua kwa nusu. Mwaka 2019 zawadi ya dola milioni 10 waligawana washindani wawili kati yao, onebillion na Kitkit School.

Ukiyapanga matatu haya, kishikwambi kinajieleza chenyewe: kina nguvu pale ambapo programu ni nzuri, iko kwa lugha ya mtoto, na inafundisha stadi za mwanzo zinazoweza kupimwa hatua kwa hatua. Insha, mjadala wa historia, au jiografia ya kidato cha nne, sitakipa kazi hiyo.

Kabla ya kuagiza, pitia mambo ya kawaida ambayo hayamo kwenye kipeperushi cha muuzaji. Vishikwambi 40 vikichajiwa pamoja, kila kimoja kikivuta wati 10, unahitaji wati 400, wakati seva inatosheka na chini ya 10. Vioo hupasuka, waya za chaji hupotea, betri huchoka baada ya miaka michache. Nani ana ufunguo wa kabati, na akisafiri? Shule nyingi hufunga vifaa kwa kuogopa lawama ya kuvipoteza, na kifaa kilichofungiwa ni hasara ileile ya kilichoibiwa. Kama fedha ni chache, nunua vya nusu darasa na uweke vipindi vya zamu. Nusu wanashika kishikwambi, nusu wako na mwalimu, ambaye kwa mara ya kwanza ana kundi dogo la kuhangaika nalo. Hiyo nusu ya pili inanifurahisha kuliko ya kwanza.

Simu, ile ndogo

Wakati shule zilipofungwa mwaka 2020, watafiti nchini Botswana walijaribu njia mbili kwa familia zipatazo 4,500. Baadhi walipokea ujumbe mfupi wenye maswali ya hesabu kila wiki. Wengine walipokea ujumbe huo pamoja na simu ya dakika 20 hivi, mwalimu akizungumza na mzazi na mtoto. Ujumbe peke yake haukuleta tofauti ya maana. Ujumbe na simu vililetea watoto maendeleo ya kupimika katika hisabati. Njia hiyo ikajaribiwa tena Kenya, Uganda, India, Nepal na Ufilipino, nako ikafanya kazi.

Haihitaji simu janja wala bando. Gharama ni muda wa maongezi na mwalimu mwenye subira. Haiwezi kufundisha kemia, na haitachukua nafasi ya shule, lakini kwa likizo ndefu, kwa msimu wa mafuriko, au kwa mtoto anayeumwa nyumbani, sioni cha kushindana nayo kwa bei. Hii ndiyo niliyosema inadharauliwa bure. Mfadhili hawezi kubandika nembo yake kwenye maongezi ya dakika 20.

Ukiwa na fedha za njia moja

Sekondari isiyo na mwalimu wa sayansi au lugha, yenye mtandao unaoshika: darasa mubashara, somo moja, skrini moja, mwalimu wa studio asiye na darasa jingine mbele yake. Usiongeze somo la pili kabla ya muhula mzima kupita salama. Kama mtandao ni wa kubahatisha, pokea masomo ya mwalimu huyohuyo yakiwa yamerekodiwa, kisha mpangie saa moja kwa wiki ya maswali kwa simu, spika ikiwa mezani. Utakuwa umepata sehemu kubwa ya faida kwa sehemu ndogo ya bando.

Shule ya msingi ambayo watoto wa madarasa ya juu hawajui kusoma: vishikwambi vichache vyenye programu ya lugha yao. Hapa mubashara utakuwa upotevu, maana kumletea mwalimu bingwa wa darasa la sita mtoto anayehangaika na silabi ni kumwongezea umbali.

Shule yenye walimu lakini haina vitabu wala maabara: seva, bila kusita. Ukibakiwa na chenji, itumie kuwalipia walimu nauli ya kukutana mara moja kwa muhula na wenzao wa shule ya mjini, wapange maudhui pamoja, kisha waendelee kuulizana kwenye kundi la simu. Mwalimu wa kijijini mara nyingi ndiye pekee wa somo lake shuleni. Hana wa kumuuliza kama mtihani aliotunga ni mgumu kupita kiasi.

Na kama bado huna hakika shule yako ni ipi kati ya hizo, wape wanafunzi aya ya darasa la pili waisome mmoja mmoja kwa sauti. Ni kazi ya siku moja au mbili, na itakuonyesha kama tatizo lako liko kwenye somo la fizikia au liko chini zaidi ya hapo.

Ukishachagua, mwambie muuzaji aje aonyeshe mfumo shuleni kwako, kwa umeme wako, saa za vipindi, darasa likiwa limejaa. Maonyesho ya ofisini kwake hayatoshi. Mwombe pia aandike kwenye mkataba nani atatengeneza kikiharibika, ndani ya siku ngapi, na vipuri vitatoka wapi baada ya dhamana kuisha.